Bluu ya Baba Mkubwa

Kaka yangu wa Mpanda ana dawa moja kwa kila kilichochakaa: kipigwe rangi. Nyumba ipigwe rangi, geti lipigwe rangi, kabati la mama yake lipigwe rangi. Oktoba 2024 wenye Land Rover walipokusanyika Arusha kwa mamia kutafuta rekodi ya dunia ya msafara, madalali wakaanza kuulizia magari ya zamani hadi huku kwetu, na kaka akasema gari la baba yake nalo lipigwe rangi. Nyeupe. Eti nyeupe ndiyo inauzika. Fundi mmoja wa bodi alishaliangalia kwenye picha za WhatsApp na kutaja milioni mbili, puti na msasa humo humo.

Kaka si mjinga, na sitaki msomaji amchukulie hivyo. Ana watoto wawili sekondari, na paa la nyumba ya wazee linavuja. Kwake gari lile ni mtaji uliolala chini ya mwembe. Mimi ndiye niliyepinga kwenye kundi la familia. Nikaandika maneno mengi kuhusu rangi ya asili na historia, na kama inavyompata kila anayepinga kwenye kikao, nikakabidhiwa kazi. "Basi njoo uling'arishe wewe, dada." Nikaomba likizo ya siku 12, nikapanda basi.

Kwa asiyepajua, Karema iko mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, mkoa wa Katavi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Siku hizi kuna bandari mpya iliyojengwa na serikali, na watu wanazungumzia meli na mizigo ya Kongo kama watu wanaongojea mgeni aliyekwisha kupiga simu kwamba yuko njiani. Lakini mtaani kwa Baba mkubwa mambo ni yale yale: dagaa wameanikwa, kuku wanawavizia, na chini ya mwembe kuna Land Rover.

Ni Series III, ile ndefu ya 109, dizeli. Hiyo 109 ni inchi, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Lilifika Karema jipya mwaka 1979. Rangi yake kiwandani iliitwa Marine Blue, na paa na rimu ni ile rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda ambayo Waingereza waliiita Limestone. Nasema iliitwa, kwa sababu nilipofika haikuwa bluu ya aina yoyote. Lilikuwa rangi ya jivu. Ukipitisha kiganja kwenye boneti kinatoka na unga mweupe, kama umefuta ubao wa darasani.

"Limekuwa mzee kama mimi," Baba mkubwa akasema. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia akiwa ameelekeza uso kidogo pembeni yangu. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na maumbo, sura haoni. Kwa hiyo siku zote nilizokaa pale, yeye alilijua gari kwa vidole na mimi kwa macho, na mara nyingi vidole vyake vilikuwa sahihi zaidi.

Sasa niseme kwanza kwa nini rangi inakufa, maana bila hilo kazi yenyewe haitaeleweka.

Magari ya leo mengi yana rangi ya matabaka mawili: chini rangi yenyewe, juu vanishi angavu inayoilinda. Magari ya enzi ya hili letu yalipakwa tabaka la aina moja tu, rangi na mng'ao vikiwa kitu kimoja. Rangi hiyo ni chembechembe za rangi zilizoshikwa na utomvu uliokauka. Jua linapopiga mwaka baada ya mwaka, linaula ule utomvu wa juu. Chembe zinabaki zimelegea, hazina cha kuzishika, uso unakuwa na mashimo madogo yasiyoonekana kwa macho, na mwanga ukifika pale unatawanyika ovyo badala ya kurudi sawasawa. Jicho linauona huo mtawanyiko kama weupe. Lakini chini ya ule unga, rangi nzima bado ipo. Imefunikwa na mabaki yake yenyewe.

Kipimo chake ni rahisi. Unachukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, unasugua sehemu iliyojificha. Kitambaa kikibaki cheupe au kikiwa na uchafu tu, kuna vanishi juu. Kikipata rangi ya gari, ni tabaka moja. Nilisugua nyuma ya tairi la akiba. Kitambaa kikatoka na bluu nzito ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwenye gari lile maisha yangu yote, na mimi nimezaliwa likiwa tayari hapo.

"Imetoka?" akauliza.

"Imetoka, Baba. Bluu kabisa."

"Basi usiimalize," akasema. Nilidhani anatania.

Hakuwa anatania, na hilo ndilo jambo ambalo kaka na mimi hatukulielewa tulipokuwa tunabishana kwenye simu. Tunasema kurudisha rangi, kana kwamba kuna kitu kilitoka na sasa kinarejeshwa. Kwa kweli hakuna kinachorejeshwa. Unachofanya ni kuondoa. Unaondoa tabaka lililokufa ili lililo hai lionekane, na likishaonekana ndilo litakalopigwa na jua kesho. Rangi yote ya kiwandani, kutoka juu hadi kwenye bati, unene wake ni kama wa karatasi moja ya daftari. Ukisugua leo umechukua sehemu ya karatasi hiyo. Miaka kumi ijayo mwingine atachukua sehemu nyingine. Siku moja kitambaa kitatoka na rangi ya praima, na hapo hakuna tena cha kurudisha.

Mimi kazi yangu ni habari, na nusu ya kazi hiyo ni kuhariri. Mtu anakupa saa nzima ya maneno, wewe unatoa aya tano. Wasomaji wanasema imesomeka vizuri, imeng'aa. Hawaoni kilichobaki kwenye kitambaa.

Tulianza na kuosha. Ndoo za maji, sabuni ya maji, bila haraka. Bodi ya Land Rover ni alumini iliyochanganywa na magnesi, kwa sababu gari hili lilipoonyeshwa mara ya kwanza, Amsterdam, 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, na alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana bodi hizi hazili kutu kama nyingine. Adui yake yuko pale alumini inapogusana na chuma: unyevu ukikaa katikati, alumini inaoza na kutoa unga mweupe mwingine, huu wa chumvi. Baba mkubwa alikuwa anavijua vyote vilipo. Alinionyesha kwa kidole, kimoja kimoja, kama mtu anayeonyesha makaburi ya familia: hapa chini ya mlango, hapa pembeni mwa kioo, hapa kwenye miguu ya dereva.

Baada ya kuosha unatakiwa kujua kama uso umebaki na punje za mchanga, maana punje moja chini ya kitambaa inakwaruza kama msumari. Mafundi wana ujanja: unavaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kupapasa, na mkono unahisi kila kitu mara mbili. Shida ni kwamba nchi hii ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 1 Juni 2019. Nilizunguka na swali langu mpaka Mama mkubwa akatoa mfuko wa mkate. Lakini Baba mkubwa hakuuhitaji. Alipapasa boneti kwa mgongo wa mkono, akasimama. "Hapa bado." Nilitia mkono kwenye mfuko nikahakikisha. Bado kweli.

Kisha mafuta. Nilikuwa nimebeba makopo mawili ya polishi isiyo na mchanga ndani yake, niliyonunua kwenye duka la vipuri Kariakoo. Rangi iliyokauka hivi haifai kusuguliwa kavu, inachubuka. Unainywesha kwanza. Unapaka mafuta mengi kwa kitambaa cha pamba, unasugua taratibu futi moja kwa futi moja, kufuata urefu wa bati na siyo kwa kuzungusha, unaacha usiku kucha yaingie kwenye yale mashimo, asubuhi unafuta na kurudia. Vitambaa tulikata khanga kuukuu, zile zilizofuliwa mpaka zimekuwa laini kama ngozi ya sikio. Mama mkubwa alizitoa kwa kinyongo. "Mtu amesoma chuo kikuu, anakuja Karema kufuta gari kwa khanga," alisema. "Hata mapazia hayajafuliwa."

Kwa nini mkono na siyo mashine? Mashine ipo, ningeweza kuazima. Lakini mashine inazunguka haraka, inatia joto, na kwenye kona na mistari ya bati, ambako rangi huwa nyembamba kuliko kwingine, sekunde mbili zinatosha kuimaliza. Mkono unachoka kabla haujaharibu. Kuna kazi ambazo uchovu ni sehemu ya vifaa.

Yule aliyekaa kiti cha mkaa pembeni yangu, akisikiliza mwendo wa kitambaa, ndiye aliyenipa simulizi ya kwanza iliyotulia kuhusu mafuta. Aliizungumzia Liemba. Kila mtu wa ziwa hili anaijua: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande Kigoma ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa, na 1927 ikaanza kazi tena, safari hii kwa jina la Liemba.

"Yule aliyepaka grisi," Baba mkubwa akasema, "alikuwa ameambiwa aue meli. Akaiua kwa adabu."

Siku ya nne boneti ilikuwa bluu. Siyo bluu ya kung'aa kama kioo, hilo msitegemee. Ni bluu yenye kina, kama ziwa saa kumi na moja jioni ukitazama kuelekea Kongo. Watoto wa jirani walikuja kujitazama kwenye boneti. Mikono yangu ilikuwa bluu hadi kwenye viwiko, na kamba ya nguo ilikuwa imejaa vipande vya khanga vya bluu. Baba mkubwa aliomba kimoja. Alikigeuzageuza, akakinusa. "Hii ndiyo imepungua kwenye gari," akasema, wala hakuwa analalamika. Alikuwa anahesabu.

Siku ya tano nikaanza mlango wa kushoto.

Hapa inabidi nirudi nyuma. Baba mkubwa aliajiriwa mwaka 1979, akiwa na miaka 24, dereva wa mradi mmoja wa afya. Jina la mradi silitaji, sababu nitaieleza. Gari lilikuja jipya na yeye akaja nalo. Kwa miaka 19 alibeba chanjo kwenye maboksi ya barafu, alibeba manesi, alibeba mbao za zahanati, na zaidi ya yote alibeba wanawake waliokuwa wameshindwa kujifungua. Masika, barabara ya Mpanda ilikuwa ni jina tu. Kuna watoto waliozaliwa nyuma ya gari lile, kwenye yale mabenchi ya pembeni. Wengine sasa ni watu wazima na wanamwita baba. Kuna ambao hawakufika. Hao huwahesabu pia, lakini siyo mbele ya wageni.

Mwaka 1998 mradi ukafungwa. Alikuwa ameahidiwa kiinua mgongo, na barua ya ahadi hiyo bado ipo, imekunjwa ndani ya Biblia. Fedha hazikuja. Baada ya miezi kadhaa ya kwenda na kurudi akaambiwa achukue gari, yaishe. Ndivyo Land Rover hii ilivyofika chini ya mwembe. Ukitaka kujua kwa nini kaka anaita mtaji, na kwa nini Baba mkubwa hajawahi kuliita hivyo, jibu ni lile lile: ni mshahara wa miaka 19 uliolipwa kwa bati.

Lakini kabla ya kumkabidhi funguo, walimtuma mchoraji. Milangoni kulikuwa na jina la mradi kwa herufi nyeupe, kubwa. Mchoraji alikuja na thina na wembe akayafuta yote mawili, kushoto na kulia, kwa sababu gari la mtu binafsi halikutakiwa kutembea na jina lile. Kazi ilichukua asubuhi moja. "Walikumbuka kufuta jina," Baba mkubwa huwa anasema, "kabla ya kukumbuka kunilipa."

Hadithi hii nimekua nayo. Milango niliijua mitupu. Sasa napaka mafuta mlango wa kushoto, tabaka la kwanza, nalala. Asubuhi ya siku ya sita nafuta mafuta, na herufi zipo pale.

Hazikuwa nyeupe. Zilikuwa bluu juu ya bluu, bluu nzito zaidi ndani ya bluu iliyopauka. Jina zima, kasoro herufi mbili za mwisho ambapo wembe wa mchoraji ulichimba. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Haikuwa miujiza, na nikishamaliza kushangaa nilipiga hesabu kwa kijiti. Zile herufi nyeupe zilipokuwa mlangoni, zilikuwa kivuli. Chini yake bluu haikuguswa na jua tangu 1979 hadi 1998. Zilipofutwa, bluu ile ya chini ikaanza kupigwa na jua kama nyingine, na baada ya muda mlango wote ukawa jivu, hakuna aliyeweza kutofautisha. Lakini chini ya jivu tofauti ilibaki. Mlango wote umekula jua miaka 46. Penye herufi, miaka 27. Kilichokuwa kinaonekana mbele yangu, ile hatua kati ya bluu moja na nyingine, ilikuwa ni miaka 19 kamili. Utumishi wake wote ulikuwa umeandikwa pale, na walioufuta ndio waliokuwa wameuandika.

Nilimwambia. Alinyamaza muda. Akaja akapapasa mlango, juu chini, kushoto kulia. Vidole havikupata kitu, maana uso ni laini, tofauti iko kwenye rangi tu.

"Soma," akasema.

Nikasoma.

"Soma tena."

Nikasoma tena, herufi moja moja, na yeye akawa anafuata kwa kidole mahali nilipomwekea mkono.

Hapo tukawa na uamuzi mbele yetu, na ulikuwa mgumu kuliko wa kuuza au kutouza. Ningeweza kuziondoa. Ningechukua polishi yenye mchanga nikasugua mlango mzima mpaka bluu zote mbili zifike usawa mmoja. Lakini kufika huko kungekula sehemu kubwa ya karatasi iliyobaki, na mlango huo tayari ulikuwa mwembamba: kwenye ukingo wa chini praima ilikuwa inachungulia. Kuondoa jina lao ingekuwa kuondoa na rangi. Kuacha rangi ingekuwa kumwachia mzee huyu, kwenye mlango wa gari lake mwenyewe, jina la watu waliomdhulumu.

Nakiri nilikuwa na upande. Mimi ni mwandishi, niliziona zile herufi nikaona habari. Tayari nilikuwa nawaza picha. Yeye akanisoma hivyo hivyo bila macho.

"Wewe unataka kila kitu kisomeke," akasema. "Kaka yako anataka kila kitu kifunikwe. Hakuna aliyeniuliza mimi."

Nikamuuliza. Akasema atalala nalo.

Jioni ile nilitembea hadi kwenye majengo ya misheni. Karema imezoea watu wanaokuja na jina na kuliweka ukutani. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga hapa kituo cha chama cha Mfalme Leopold wa Pili, ngome ikaitwa kwa jina la mfalme huyo. Ilijengwa kando ya maji, kisha ziwa lenyewe likashuka na kuiacha nchi kavu. Miaka sita baadaye kituo kikakabidhiwa kwa White Fathers, na jina la Leopold likaenda zake. Karema ikabaki Karema.

Jina la mgeni lililobaki hapa ni la mtu ambaye hakuja na ngome. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa Algeria na mapadri hao, akasomea utabibu Malta, akafika Karema 1889 na kutibu watu mpaka alipofariki 1956. Miaka 67. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kama alivyoyasimulia mwenyewe. Nimeyasoma, kwa Kiingereza cha jarida la wasomi wa kikoloni, na mara zote najiuliza ni vitambaa vingapi vilipita juu ya sauti ile kabla haijanifikia. Lakini chini ya mng'ao huo yumo. Mtu aliyeitwa bidhaa akiwa mtoto anasema "mimi" kwenye karatasi, na hakuna mhariri aliyeweza kuliondoa hilo neno.

Asubuhi Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, kiwiko kikiwa juu ya mlango wa kulia. Pale kiwiko kinapokaa hakuna rangi kabisa. Alumini tupu, imesuguliwa na mkono wake miaka yote hiyo mpaka inang'aa kama sarafu. Hapo nilikuwa sijapagusa na sikupagusa.

"Acha," akasema. "Jina likae."

"Kwa nini, Baba?"

"Kwa sababu nilifanya kazi." Kisha, baada ya kitambo: "Likifutika, itaonekana nilikuwa na gari tu. Watu watauliza mzee huyu alilipata wapi gari. Hapo mlangoni pana jibu."

Akaongeza sharti: nisiliandike jina hilo popote. Mlangoni lisomwe na anayefika Karema, amkute yeye au wanawe wamweleze. Kwenye mtandao, alisema, litakuwa ni la kila mtu na hakuna atakayeuliza swali la pili. Mimi ninayeishi kwa kuandika majina ya watu nilitaka kubisha. Sikubisha. Ni mshahara wake, na jina ni sehemu ya risiti.

Kwa hiyo milango yote miwili niliifanya kwa mafuta tu, bila kusugua zaidi, na mlango wa kulia nao ukatoa jina lake asubuhi iliyofuata, hafifu zaidi kwa kuwa upande ule ndio uliotazama magharibi pale chini ya mwembe na kula jua la jioni. Sehemu nyingine za gari nilizimalizia kwa polishi laini, kidogo tu.

Mwisho ni nta. Mkoa huu una nyuki kuliko watu, na wafugaji wa Inyonga wanauza nta nzuri ya njano inayonuka misitu ya miombo. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hivyo unaweka kopo ndani ya sufuria ya maji moto, siyo juu ya jiko moja kwa moja. Ikishayeyuka unaiondoa mbali na moto kabla ya kumimina tapentaini, vinginevyo utakuwa na hadithi nyingine ya kusimulia. Ikipoa inakuwa kama samli. Unapaka nyembamba sana, unaiacha ikauke, unafuta na khanga safi. Nta hairudishi chochote. Kazi yake ni kuwa ya kwanza kuliwa na jua badala ya rangi, na ikiisha unapaka nyingine.

Kaka alikuja Jumamosi ya mwisho kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Alizunguka gari mara mbili bila kusema. Alipofika mlango wa kushoto alisimama muda mrefu. Yeye alikuwa na miaka 11 wakati mchoraji alipokuja na wembe, aliona kwa macho yake. Aligeuka akamwangalia baba yake, ambaye hakuweza kuona kwamba anaangaliwa.

Sikumshinda, na sikuja kumshinda. Ada bado zinadaiwa, paa bado linavuja. Tulikaa watu wanne chini ya mwembe tukaongea kama familia, na tulichokubaliana ni hiki: kwanza Baba mkubwa afanyiwe upasuaji wa macho. Gari likiuzwa, litauzwa kama lilivyo, na mnunuzi ataambiwa lile jina ni la nani na lilifutwa lini. Akitaka kulipiga rangi nyeupe baada ya hapo ni juu yake, ila awe amesikia. Kaka alisema mteja wa namna hiyo hayupo. Baba mkubwa akasema basi gari litamsubiri, kusubiri linajua.

Kopo la nta nilimwachia Mama mkubwa na maelekezo: kila baada ya miezi mitatu, nyembamba, kwa khanga safi. Wiki iliyopita nilipiga simu kuuliza kama wamepaka. Akasema gari wamepaka, na iliyobaki amepaka kabati, na kabati limetoka zuri sana, kaka asithubutu kulisogelea na brashi.